Shajara ya mradi: utando wa bakteria kwenye mipira ya mkojo, Mbeya

Aprili, mwishoni

Kibali cha maadili kimeshatoka, kwa hiyo kuanzia wiki ijayo wodi ya upasuaji ya wanaume wataanza kututunzia mipira ya mkojo wanayoitoa. Tumeelewana na manesi kwamba hakuna mgonjwa atakayetolewa mpira kwa ajili yetu. Ukifika wakati wake wa kutolewa au kubadilishwa kwa sababu za matibabu ndo unakatwa kwa mkasi tasa, unaingia kwenye chupa tasa, unaletwa maabara ndani ya masaa 2, na kama utachelewa unakaa kwenye friji. Mgonjwa anaelezwa, anasaini au anaweka dole gumba, na asipotaka basi, mpira wake unaenda kwenye taka hatarishi kama siku zote.

Naandika hii shajara kwa sababu wapo wenzetu wa Iringa na Njombe wameshauliza tunafanyaje, na ripoti ya mwisho huwa haionyeshi vitu vilivyosumbua njiani. Bora niandike vikiwa bado vya moto.

Swali letu liko hivi. Mgonjwa mwenye mpira anapata UTI, anapewa dawa, homa inashuka, afu haupiti muda amerudi na homa ile ile na kijidudu kile kile. Kila aliyekaa benchi ya mkojo anamjua huyu mgonjwa. Jibu la haraka wodini ni kwamba kijidudu kimekuwa sugu kwa dawa, na kweli usugu upo tena mwingi, lakini kuna mara nyingi tu ukiangalia pleti ya usugu, yaani kisahani tunachooteshea bakteria na kuwajaribia dawa, unakuta kile kijidudu kinauawa vizuri na dawa hiyo hiyo aliyopewa. Kwenye pleti kinakufa, kwa mgonjwa hakifi. Hapo ndo unapoingia utando.

Mpira ukishaingia kwenye kibofu, protini na chumvi za kwenye mkojo zinaanza kujipaka juu yake mapema sana, na hiyo tabaka ndo bakteria wanashikia. Wengine wanapanda kwa nje, kati ya mpira na njia ya mkojo, wengine wanapanda kwa ndani kutoka kwenye mfuko au pale kwenye kiungio kama kinafunguliwa funguliwa. Wakishashika wanazaana na kutoa ute, yaani minyororo mirefu ya sukari, protini na DNA, wanajifunika nao, na baadaye vipande vinabanduka vinaenda kuanzisha makazi mapya mbele. Ule utelezi unaoushika ukipitisha kidole ndani ya ndoo ya maji iliyokaa bila kusuguliwa ni kitu hicho hicho, sio mfano, ni utando wenyewe. Hata ukoga wa meno ni utando. Antonie van Leeuwenhoek kule Uholanzi, miaka ya 1680, alikwangua ukoga wa meno yake akautazama kwa lenzi zake akaona vijidudu vinahangaika humo, na alipojaribu siki akaona inaua vile vya nje tu, vilivyo ndani ya ukoga havikuguswa. Zaidi ya miaka 300 imepita na tunachokiona wodini ni hicho hicho alichokiona yeye. Mkanada J. William Costerton na wenzake ndo waliokuja kulisukuma hili jambo mwaka 1978 waliposema bakteria wengi duniani hawaishi wakielea peke yao, wanaishi wameshikana juu ya kitu.

Ndani ya utando dawa inapata shida kwa sababu zaidi ya moja. Dawa nyingine zinanaswa au zinapita taratibu, wale wa chini kabisa hawapati oksijeni ya kutosha kwa hiyo wanakua polepole na dawa nyingi zinaua yule anayekua, afu kuna wachache waliolala kabisa ambao dawa ikiondoka wanaamka. Joseph Bigger aliwaona hao waliolala mwaka 1944 kwenye bakteria wa Staphylococcus na penisilini. Ukijumlisha yote, bakteria wa kwenye utando wanaweza kuhitaji dawa mara 10 mpaka 1,000 ya ile inayomuua anayeelea, na dozi hiyo huwezi kumpa binadamu.

Tunachotaka ni kuonyesha hili kwa mipira ya hapa hapa, kwa njia ambazo maabara ya hospitali ya mkoa inaweza kuzimudu, bila PCR, ile ya kupima vinasaba, na bila hadubini za kisasa.

Mei

Mwezi wa vifaa. Karibu kila kitu tulichohitaji kilikuwepo isipokuwa kongo redi, rangi ya maabara ambayo ilibidi tuiagize Dar, na pleti za visima 96 zenye kitako bapa, hizo bado tunazisubiri.

Nikae kidogo kwenye otoklevu, kile chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu kwenye vifaa, kwa sababu hili linawahusu wote wa nyanda za juu kusini na silioni likiandikwa. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ndo maana maharage hapa yanakula mkaa. Sasa vitabu vyote vimeandika presha ya paundi 15, nyuzi 121, dakika 15. Hiyo paundi 15 ni ya pwani. Geji inasoma tofauti ya presha ya ndani ya chungu na hewa ya nje, na hewa ya nje ya huku ni nyepesi, kwa hiyo geji ikionyesha 15 ndani ya chungu joto liko kwenye 118 hivi. Ili ufike 121 kwa hapa Mbeya geji inatakiwa isome kati ya 17 na 18. Nyuzi 3 zinaonekana ndogo lakini kwa kuua spora, yaani zile mbegu ngumu za bakteria, zina maana muda unaohitajika unakuwa karibu mara mbili. Wa Iringa mko chini kidogo yetu, wa Makete mko juu, kila mtu apige hesabu yake. Kabla hujaongeza presha soma kwanza chungu chako kimeandikwa kinahimili ngapi, kama hakifiki huko bakia kwenye 15 na urefushe muda, na hewa yote iwe imetoka kabla hujafunga vali. Ile tepu inayobadilika rangi inakuambia tu kwamba kilipata joto, haikuambii spora zimekufa. Sisi tunaweka kichupa cha spora za Geobacillus stearothermophilus katikati ya mzigo.

Media ya kongo redi, yaani chakula cha kuoteshea bakteria, tunafuata ya Freeman na wenzake ya mwaka 1989, kwa lita moja unaweka BHI (unga wa supu ya ubongo na moyo) gramu 37, sukrosi gramu 50, aga gramu 10 na kongo redi gramu 0.8. Rangi usiichemshe pamoja na vingine, inachemshwa peke yake kwenye maji, afu inamiminwa kwenye aga ikishapoa mpaka nyuzi 55. Vaa glovu, hii rangi imetokana na benzidini na sio kitu cha kuchezea. Ukipanda kijidudu kinachotoa ute makoloni yanakuwa meusi na makavu, kisichotoa yanakuwa mekundu au ya pinki. Ni rahisi, ni nafuu, na picha yake hata daktari asiyekaa maabara anaielewa.

Rangi nyingine ni kristali vayoleti ya asilimia 0.1, hii ipo kila maabara kwa sababu ndo inayoanza kwenye kipimo cha rangi cha Gram. Ni ile ile inayobeba kazi kwenye GV waliyotupaka mdomoni wengi wetu tukiwa wadogo.

Mei, mwishoni

Mirija ya kwanza imesoma vizuri. Njia ya mrija ni ya Christensen na wenzake, 1982, na naipenda kuliko zote kwa sababu haitaki mashine. Unakuza kijidudu kwenye supu ya TSB yenye glukosi, unakiacha usiku kucha kwenye nyuzi 37 bila kukitikisa, unamwaga, unasuuza taratibu, unaweka kristali vayoleti, unasuuza tena, unageuza mrija ukauke. Utando ukiwepo unauona kwa macho, rangi imeshika kuta na kitako cha mrija.

Kitu cha kuangalia ni ile pete ya pale juu, mpaka wa supu na hewa. Pete peke yake haihesabiki kuwa utando, lazima kuta na kitako viwe vimeshika. Mwanafunzi wetu mmoja ametengeneza kadi ndogo yenye picha za mirija ya hapana, hafifu, wastani na nzito, imebandikwa ukutani juu ya benchi, na watu wawili wanasoma kila mrija bila kuambiana, wakitofautiana anaitwa wa tatu. Hii imesaidia sana maana hafifu na hapana zinachanganya mno.

Kila mara tunaenda na vijidudu viwili vya kulinganishia, Staphylococcus epidermidis ATCC 35984 ambayo inajulikana kwa utando mzito, na ATCC 12228 ambayo haitengenezi (ATCC ni benki ya vijidudu ya Marekani). Siku ambayo 12228 imeshika rangi, kazi yote ya siku hiyo inarudiwa. Hatujadiliani hapo.

Juni

Baridi imeingia. Asubuhi mlima Loleza hauonekani kwa ukungu na benchi letu likipimwa saa 1 asubuhi ni la kuweka maziwa. Nasema hivi kwa sababu maelekezo mengi yanasema "acha kwenye joto la chumba", na joto la chumba la Mbeya mwezi wa sita sio joto la chumba la Dar. Hatua zote zilizoandikwa hivyo sasa tunazifanya ndani ya inkubeta ndogo iliyowekwa nyuzi 25, ili matokeo ya Juni yaweze kulinganishwa na ya Februari.

Joto lina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. E. coli wengi wanatengeneza nyuzi za curli zinazowasaidia kushika kwenye vitu, na wengi wao wanazitengeneza vizuri chini ya nyuzi 30 kuliko kwenye 37. Kwenye aga ya kongo redi isiyo na chumvi, kwenye nyuzi 28, wanatoka wekundu, wakavu, wamekunjamana. Kwa hiyo kama unapima E. coli kwa kutumia ile kanuni ya nyeusi ni ndiyo, nyekundu ni hapana, utamwandika hapana mtu mwenye utando mzuri kabisa. Ile media ya Freeman ilitengenezwa kwa ajili ya Staphylococcus. Kwa hawa wa Gram hasi, kundi la E. coli, tumeamua mrija na visima ndo vitaamua, kongo redi inabaki ya Staphylococcus tu.

Umeme nao umekatika katika, na inkubeta ikishuka usiku utando unakuwa mwembamba. Tumeweka kirekodi joto cha betri ndani ya kila inkubeta, mstari ukishuka chini ya 35 kwa zaidi ya saa moja tunaandika na kurudia. Kama una bajeti ndogo na inabidi uchague kitu kimoja cha ziada cha kununua, nunua hicho kirekodi.

Juni, wiki ya pili ya baridi

Leo umekuja mpira ambao umetufanya wote tusimame. Umetoka kwa mzee mmoja wa upande wa Rungwe, ana tezi dume, amewekewa mpira akisubiri upasuaji, akarudi nyumbani nao. Amekuja kwa sababu umeziba, kibofu kimejaa, maumivu makali, na mkojo unavujia pembeni. Manesi wakaubadilisha, mzee akapata nafuu hapo hapo, na mpira ukaletwa kwetu.

Tuliukata kwa kukingama. Tundu halikuwepo. Lilikuwa limejaa kitu cheupe kigumu kama chokaa, na kalamu ya kawaida ya pH ikaonyesha mkojo uliobaki uko upande wa alkali kabisa. Kwenye aga ya damu asubuhi yake ikawa imetambaa mawimbi mawimbi pleti nzima na ile harufu ya samaki, Proteus mirabilis. Kwenye aga ya CLED haitambai kwa sababu ina chumvi chache, kwa hiyo tuliweza kuona kwamba chini yake kulikuwa na Enterococcus na E. coli pia, ambao kwenye pleti ya damu walifunikwa wasionekane.

Naomba niseme jinsi hili jambo linavyokwenda, maana ni la kusikitisha na linazuilika. Proteus ana kimeng'enya cha yurease, anavunja yurea ya kwenye mkojo, inatoka amonia, pH inapanda. Ikipanda, magnesiamu na kalsiamu zilizokuwa zimeyeyuka kwenye mkojo zinashindwa kubaki zimeyeyuka, zinaganda kuwa fuwele za struvaiti na apataiti, na fuwele zinanasa ndani ya ute wa utando. Utando unakuwa jiwe. Bakteria wanaendelea kuishi ndani ya jiwe lenyewe. Hapo hata umpe dawa inayomuua Proteus vizuri kwenye pleti, utakuwa umemuua anayeelea tu, na tundu litabaki limeziba. Kusukuma maji kwa sirinji kunasaidia kwa muda, ila hakuondoi makazi. Mpira wa namna hii unatolewa, hakuna njia nyingine.

David Stickler wa Cardiff, kule Welisi, alifanya kazi kwenye hili kwa miaka mingi, na moja ya mambo waliyoonyesha na wenzake ni kwamba mgonjwa akinywa maji mengi pamoja na kitu chenye sitreti, kwa mfano juisi ya limau, mkojo unahitaji kupanda pH ya juu zaidi ndo fuwele zianze, kwa hiyo mpira unachelewa kuziba. Limau kwetu sio shida, za Kyela zimejaa Mwanjelwa. Lakini hili ni kwa mgonjwa ambaye daktari hajamzuia maji, mwenye moyo au figo mbovu aulize kwanza.

Nilikwenda wodini jioni kumpa pole. Nikamwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akaniuliza ni kweli mpira wake mnao huko. Sista alikubali, nikamuonyesha picha kwenye simu. Akaangalia muda mrefu, akasema, "Kumbe hiki ndo kilikuwa kinanitesa, na mimi nilidhani tezi imekua." Kisha akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kuniuliza kama huo mpya nao utakuwa hivyo. Nilimjibu ukweli, kwamba ukikaa sana unaweza, na ndo maana tarehe yake ya upasuaji isiwe ya kuahirishwa hovyo. Daktari wa zamu alikuwa amesimama hapo hapo, akasikia.

Julai, mwanzoni

Hii ndo sehemu ya mradi ninayoiona ina faida ya moja kwa moja. Kwa mgonjwa mwenye dalili ambaye mpira wake umekaa zaidi ya wiki 2 na bado anauhitaji, daktari anaubadilisha na mkojo wa kuotesha unachukuliwa kwenye mpira mpya. Sio ubunifu wetu, miongozo ya Marekani ya mwaka 2009 inasema hivyo hivyo. Sisi tunachoongeza ni kwamba kabla ule wa zamani haujatoka tunachukua mkojo kwenye bomba lake pia, kwa sindano, sehemu ya kuchukulia ikiwa imefutwa kwa spiriti, kamwe sio kwenye mfuko, na tunaotesha yote miwili sambamba.

Mpaka sasa picha inajirudia. Wa mpira wa zamani unatoa vijidudu vingi vya aina mchanganyiko, wa mpira mpya unatoa vichache, mara nyingine kimoja tu, na hicho ndo chenye nafasi kubwa ya kuwa kinachomuumiza mgonjwa. Vile vingine ni wakazi wa mpira. Ukitibu kwa kuangalia pleti ya mpira wa zamani unajikuta unampa mgonjwa dawa mbili tatu za kuwatafuta wakazi wa plastiki.

Na hapa kuna jambo la kwetu sisi wa benchi. Maabara nyingi zikiona aina 3 au zaidi kwenye mkojo zinaandika sampuli imechafuliwa, tuma nyingine. Kwa mtu asiye na mpira ni sawa kabisa. Kwa mwenye mpira wa muda mrefu, ule mchanganyiko mara nyingi ni wa kweli, na ukimwambia nesi atume sampuli nyingine kutoka mpira huo huo ataleta mchanganyiko huo huo. Tumebadilisha maneno kwenye ripoti yetu, sasa tunaandika, "Mgonjwa ana mpira. Kama ana dalili, tafadhali badilisha mpira kisha chukua sampuli upya." Naamini sentensi hiyo itaokoa dawa nyingi kuliko kipimo chochote tunachofanya.

Raz na wenzake waliandika mwaka 2000 kwamba wagonjwa waliobadilishiwa mpira kabla ya kuanza dawa walipona vizuri na haraka kuliko walioachiwa wa zamani. Nimeichapisha nakala, iko kwa sista.

Jambo lingine ambalo nalirudia kila nikipata nafasi, mtu mwenye mpira kuwa na bakteria kwenye mkojo bila homa wala dalili sio sababu ya dawa. Kila siku ya kukaa na mpira hatari ya kupata bakteria inaongezeka kwa asilimia 3 mpaka 7, kwa hiyo ukifika mwezi karibu kila mtu anao. Ukiwatibu wote hawa unalea usugu tu. Isipokuwa mjamzito, na anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo wenye kutoka damu, kama hawa wetu wa tezi dume.

Julai, katikati

Pleti za visima 96 zimefika. Mashine ya kusoma ELISA, ile inayopima ukali wa rangi kwenye visima, ni ya wote kwa hiyo tumepewa Jumamosi, tukaitumia vizuri. Unakuza kwenye visima, unasuuza, unapaka kristali vayoleti, unasuuza, unayeyusha rangi kwa asidi ya asetiki ya asilimia 30 na kusoma kwenye nanomita 570. Kiwango cha kuamua kama utando upo tunakiweka kwa njia ya Stepanović, wastani wa visima visivyo na kitu ukijumlisha mara 3 ya mkengeuko wake. Chini ya kiwango hicho hakuna utando, kuanzia hapo hadi mara 2 yake ni hafifu, mara 2 mpaka 4 ni wastani, zaidi ya 4 ni nzito.

Visima na mirija vinakubaliana kwa zile nzito na zile za hapana. Kwenye hafifu vinabishana, na hiyo haijanishangaza. Kwa maabara isiyo na mashine, ushauri wangu ni kuwa mrija unatosha kabisa kujua nani ni mzito.

Kumbukeni tu kristali vayoleti inapaka kila kitu, aliye hai, aliyekufa, na ute. Inakuambia utando ni mnene kiasi gani, haikuambii uko hai. Kwa hiyo vipande vya mpira tunavioteshea pia, tunasuuza, tunatikisa kwa nguvu kwenye maji ya chumvi na kuhesabu makoloni.

Wodini mjadala ulihamia kwenye mipira ya gharama, yenye madini ya fedha. Mtu mmoja wa manunuzi alisikia kuna ya namna hiyo akauliza kwa nini tusiombe. Nilijibu kwamba Uingereza waliijaribu kwenye hospitali 24, matokeo yakatoka mwaka 2012, na kwa wagonjwa wa muda mfupi ile ya fedha haikupunguza UTI zenye dalili kwa kiasi cha kuhalalisha bei. Kilichowahi kuleta mabadiliko makubwa ni kitu cha bei rahisi, mfumo uliofungwa kutoka kwenye mpira mpaka kwenye mfuko, ambao Kunin na McCormack waliuonyesha mwaka 1966. Kabla ya hapo mkojo ulikuwa unatiririka kwenye chombo cha wazi na ndani ya siku 4 karibu kila mgonjwa alikuwa na bakteria. Hela ikipatikana inunue mifuko ya kutosha, ili nyumbani pasiwe na mtu anayefunga glovu kwenye mdomo wa mpira kwa sababu mfuko umepasuka.

Julai, mwishoni

Kikao na manesi. Niliwauliza wanaweka mpira kwa sababu gani hasa. Sista mkuu wa wodi, mama ambaye amefundisha nusu ya manesi wa hapa, akanijibu, "Mwanangu, tunauweka kwa haja ya mgonjwa, kwa amri ya daktari, na kwa uchache wetu usiku." Hakuna aliyebisha. Usiku nesi akiwa mmoja na wagonjwa wamejaa, mzee asiyeweza kutembea kwenda chooni anawekewa mpira ili asilowe. Huo ni uamuzi wa huruma na siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Ila asubuhi mpira ule hauna mwenyewe. Daktari anayepita raundi anaukuta, anadhani kuna sababu, na unakaa.

Kwa hiyo tumetoka na kitu kimoja kidogo, mstari mmoja unaoongezwa kwenye fomu ya raundi ya asubuhi, "Mpira bado unahitajika leo? Kwa sababu gani?", na nesi ameruhusiwa kwa maandishi kuutoa mwenyewe kama hakuna sababu iliyojazwa. Sista ndo aliyesisitiza hilo la maandishi. Kama ni mzee asiyetembea, kondomu ya mkojo ipo, chupa ya kitandani ipo, na ndugu wanaouguza wanaweza kufundishwa.

Kwa wanaorudi nyumbani tumeandika karatasi ya Kiswahili chepesi. Mfuko ukae chini ya kibofu muda wote lakini usiguse sakafu, hata kwenye basi la kwenda Tukuyu. Usifungue pale mpira unapoungana na mfuko. Nawa mikono kabla na baada ya kumwaga. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida kila siku, hakuna haja ya spiriti wala Dettol. Homa, mkojo kutotoka au maumivu, rudi siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe.

Agosti

Mipira inaendelea kuja, na iliyokaa muda mrefu karibu yote ina utando unaoota, pamoja na ya wagonjwa waliokuwa kwenye dawa siku inatolewa. Hilo ndo tulilotaka tulione kwa macho yetu kwenye mipira yetu. Fangasi za Candida nazo zimejitokeza, hasa kwa waliokula antibayotiki nyingi, na zinashika mrija vizuri mno.

Hatua inayofuata ni branula na mipira ya mishipani. Huko tutatumia njia ya Maki ya mwaka 1977, unabingirisha kipande cha sentimita 5 juu ya aga ya damu mara 4 na kuhesabu, makoloni 15 au zaidi yana maana. Inakamata utando wa nje tu, wa ndani haiufikii, kwa hiyo mipira iliyokaa muda mrefu tutaiongezea njia ya kutikisa.

Wa Iringa wanaotaka vijidudu vya kulinganishia waje na boksi la barafu na barua ya maabara yao, tunawaandalia kwenye mirija ya gliseroli. Fomu za raundi zimechapishwa, ziko kwa sista, na wodi inaanza nazo Jumatatu.